Mbawa Nne za Mlama

"Mbawa nne, mbegu moja," Bi Nyamizi alimjibu jirani aliyekuja kumwomba aingie kamati ya harusi, ya tatu tangu mavuno. Jirani akaaga bila kununa. Wajukuu waliokuwa wakinywa uji jikoni wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Bibi akavuta kigoda, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akawaambia wasiwasingizie wahenga. Methali hii ilianzia darasani, na aliyeianzisha alikuwa amechoka kuliko punda wa maji.

Palikuwa na mwalimu wa darasa la nne, jina lake Kalunde, mwanamke asiyejua kusema hapana. Mwenzake akiugua, Kalunde hushika kipindi. Uji wa shule ukikosa msimamizi, huitwa Kalunde. Nyumbani mama mkwe wake alikuwa hoi kitandani, na mawifi kila siku walikuwa na mahali pa kwenda. Watu walimsifu kwamba ni nguzo. Nguzo nayo huliwa na mchwa, lakini hilo hawakulisema.

Kitu kimoja tu kilimpa raha, nacho ni kipindi cha sayansi. Kiangazi miti ya milama hupukutisha mbegu zake, kila mbegu na mbawa zake nne kavu pembeni, nazo hushuka zikizunguka polepole. Kalunde aliwaambia watoto waziokote njiani, wazirushe, wazitazame. Kisha wakachana karatasi za madaftari yaliyokwisha, wakakata na kukunja mbawa nne, wakabandika kidonge cha udongo chini kiwe mbegu. Watoto wakaviita vilama. Vilizunguka vizuri, na watoto waliozoea kunakili tu ubaoni wakaanza kuuliza hewa isiyoonekana inawezaje kuichelewesha karatasi isianguke. Katika kipindi hicho Kalunde alisahau kwamba mgongo unamuuma.

Mwalimu Mkuu, Lugusi, aliona ni michezo mitupu. Akasema afisa elimu wa kata atakuja Ijumaa. Vilama vikiruka mbele yake na watoto wakaweza kueleza, kipindi kiendelee; la sivyo, karatasi zitupwe na darasa lirudi kunakili.

Wiki hiyo kila mwenye kazi alimkumbuka Kalunde. Ijumaa ilipofika hakuwa amepata nafasi ya kutafuta karatasi, na zilizokuwepo zilitosha kilama kimoja kwa kila dawati la watoto wanne. Kila mtoto alikuwa na kidonge chake alichokifinyanga, na kila mmoja alitaka chake ndicho kibandikwe. Mnajua kwetu, kitu cha shirika kila mtu hutia chake, asije akaambiwa hana sehemu. Siku nyingine Kalunde angewaacha wafikiri. Siku hiyo alikuwa hajalala kwa ajili ya mgonjwa, na makelele yalimwingia kichwani.

"Bandikeni vyote," alisema. "Asinung'unike mtu."

Mgeni akaja. Watoto wakapanda juu ya madawati, wakarusha. Vilama vikaanguka pu, pu, kama maembe mabovu. Hakuna hata kimoja kilichozunguka. Lugusi akatazama saa yake. Kalunde aliona kipindi chake kinamponyoka, akataka kulia, akaketi kwenye dawati la mbele pamoja na watoto. Mfukoni alikuwa na mbegu ya mlama. Akaitoa, akamwekea kiganjani msichana aliyekaa karibu yake, Mbuke, akauliza kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Mbona hii inazunguka?"

Mbuke aliigeuza huku na huku. "Mwalimu, hii ina mbawa nne lakini mbegu ni moja. Sisi tumetia nne."

"Za nani?"

"Za kila mtu."

Kalunde alikitazama kilama kilicholala sakafuni na vidonge vyake vinne, akajiona mwenyewe. Kisha akasema, "Ng'oeni vitatu. Mtapokezana."

Wakang'oa, wakarusha tena. Vilama vikazunguka, vikashuka taratibu, na kimoja kikatua begani kwa Lugusi. Afisa akauliza sababu. Mbuke akaeleza kwamba hewa huzisukuma mbawa kutoka chini zikazunguka, ila mzigo ukizidi, kilama hufika chini kabla hakijaanza. Afisa akasema kipindi kiendelee, kisha akaomba naye arushe kimoja.

Lugusi, kwa furaha, akamwinamia Kalunde. Kwa kuwa mambo yamekwenda vizuri, alisema, basi ashike na sayansi ya darasa la tatu na la tano, na kwa sasa akampakulie mgeni chakula, maana mpishi hajaja.

"Mbawa nne, mbegu moja, Mwalimu Mkuu," Kalunde alisema kwa adabu. "Mimi nina darasa la nne."

Lugusi akangoja amalizie kwa "lakini sawa," kama siku zote. Hakumalizia. Lugusi alipakua chakula mwenyewe, na hakufa mtu. Jioni mawifi nao wakaambiwa maneno yale yale. Walinuna sana, lakini Jumamosi walikuja kumwogesha mama yao. Watoto ndio walioyatembeza maneno hayo mpaka yakafika huku.

Bi Nyamizi akaishia hapo. Mjukuu mmoja akasema kweli Kalunde alifanya vizuri, na wengine wakakubali. Kisha wakafuta midomo, wakamsogezea bibi vikombe vyao avioshe kama kila jioni, wakainuka waondoke.

Bibi akavitazama vile vikombe. Akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Mbawa nne, mbegu moja," akasema.

Wajukuu wakatazamana, kisha kila mmoja akachukua kikombe chake.