Ubatizo wa Bibi Kokugonza

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, niwaambie kanisa letu lilivyoanza. Lilianza vibaya.

Hapo zamani za kale, mababu walihamia huku porini kutafuta ardhi. Wakafyeka, pa! pa! pa!, wakapanda migomba. Mkubwa wao alikuwa Bibi Kokugonza, mpika pombe, na hakuna aliyekata shauri bila kumwuliza. Wahubiri walikuja, akawasikiliza, akawapa chakula, akawarudisha walikotoka.

Akaja Mhubiri Bihemo, Mbatisti. Akafundisha kwamba ubatizo si kunyunyiziwa. Mtu anazama mzima, kichwa mpaka kisigino. Watu wakampenda, wakakubali kubatizwa mtoni.

Bibi akamwonya kuwa mto ule una kiboko. Mhubiri akajibu kuwa mwenye imani haogopi mnyama.

Jumapili ikafika. Mhubiri akaingia majini akiimba. Maji yakafanya bwu, bwu, bwu. Kiboko akainua kichwa. Vuuu! Watu tifu tifu tifu mpaka nyumbani. Mhubiri akapanda mti, suruali ikabaki kwenye mwiba.

Kijiji kikacheka mpaka jioni. Wakasema Mungu wa Bihemo kashindwa na kiboko, na mambo ya kanisa yaishe. Mhubiri akasikia yote kule juu. Akaona aibu, akakataa kushuka.

Bibi akaenda chini ya mti na kanga mkononi.

“Shuka, mwanangu. Jifunge hii.”

“Bibi, wananicheka.”

“Ndiyo, na mimi nimecheka. Shuka. Nina mtumbwi wangu wa kuchachushia pombe, mtu analala humo akanyooka. Tutaujaza maji.”

“Chombo cha pombe, Bibi? Kuna dhambi humo.”

“Nitakisugua. Si wewe uliyesema Mungu wako anasugua watu?”

Mhubiri akashuka, polepole, akajifunga kanga ya maua, akapita katikati ya waliomcheka.

Bibi akasugua mtumbwi, kwaru, kwaru, kwaru. Harufu haikutoka. Wakajaza maji hivyo hivyo. Watu wakaja kutazama kichekesho, na Bibi mwenyewe akaingia wa kwanza. Mhubiri akamzamisha, chubwi! Akaibuka, akapangusa uso.

“Rudia. Sikio la kushoto halijalowa.”

Chubwi! Hapo hakuna aliyecheka. Wakapanga foleni. Wengine, nasikia, walikunywa kidogo wakiwa chini.

Kanisa likajengwa pale pale uani kwake, na pombe ikakosa mahali pa kuchachukia. Watu wakamwuliza Bibi kwa nini amemkubali huyu, ilhali wengine wote aliwakataa.

“Wale walikuja wakiwa juu, wakaondoka wakiwa juu,” akasema. “Huyu nimemwona akishuka.”

Basi, watoto, mtu akiwataka mmfuate, mtazameni kwanza siku anayochekwa. Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyecheka sana akafagie kanisa.