Ubeti Uliokosa Shahidi

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani aliishi mwimba kaswida aitwaye Sahl bin Mihran. Watu wa mji ule walikuwa na ada njema: mwenye kumsifu mtu aliye hai hutua kila baada ya ubeti, na aliyeiona sifa ile kwa macho yake huinuka akashuhudia. Ubeti usio na shahidi hauimbwi. Laiti ada hiyo ingetufikia sisi, washairi wengi wangekaa kimya.

Wali wa mji, Mundhir, aliyachepusha maji ya mfereji wa watu yakaenda kwenye bustani yake. Numair, ndugu yake Sahl, alimlaumu hadharani, akafungwa. Idi ilipokaribia, Wali akamwita Sahl.

“Niimbie mbele ya wageni wangu kwamba mimi ni mwadilifu, nami nitamwachia ndugu yako.”

Mama yao alimsihi Sahl akubali. “Mwanangu, ni ubeti mmoja tu. Mungu anaujua moyo wako.”

“Anaujua, mama. Lakini watakaonisikia hawaujui.”

Mama akalia, na Sahl pia akalia, kwani alimpenda sana ndugu yake.

Siku ya Idi uwanja ulifurika. Sahl akapiga dufu, akausifu ushujaa wa Wali. Askari wakainuka wakashuhudia. Akalisifu daraja alilolijenga, wafanyabiashara wakainuka. Kisha akaliweka dufu chini.

“Mbona umenyamaza?” Wali akauliza.

“Umebaki ubeti wa uadilifu, bwana wangu, na shahidi wake yumo gerezani mwako.”

Wali aliwaonea haya wageni wake, akaamuru Numair aletwe. Akaja na minyororo miguuni.

“Shuhudia uadilifu wangu, uende nyumbani.”

“Maji hayajarudi,” Numair akasema. Mama yake akajifunika uso.

Hakuna aliyeinuka uwanja mzima. Mola akamlainisha Wali moyo. Akaamuru mfereji ufunguliwe na minyororo ikatwe, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Na sasa?”

“Nashuhudia kwamba leo umetenda haki,” Numair akasema.

“Leo tu?”

“Kesho hatujaiona, bwana wangu.”

Sahl akauimba ubeti ule kama ulivyoshuhudiwa, na Wali hakudai zaidi.

Ndugu zangu, sauti nzuri ni amana. Mwenye kuitumia kumfichia mtawala dhuluma yake, ajiandae kuulizwa.