Jina Moja Kwenye Fomu

Sogeeni, nina kesi imenishinda. Mimi Onolina, kedi wa kiwanja cha gofu cha hapa Mufindi, nimebeba mifuko ya fimbo za wenzangu miaka ishirini na sita, na mgongo ni shahidi. Atakayenikatiza nitaanza upya.

Walikuwa watatu, wastaafu wa michezo mingine. Edina Kihwele alirusha mkuki mpaka bega likamkatalia. Huyo alikuwa na mkono. Bosko Mgaya alipigana ngumi mpaka daktari akasema basi. Huyo alikuwa na utulivu, maana aliyehesabiwa hadi nane ulingoni akainuka, hababaiki ovyo. Zabroni Luvanda alikuwa golikipa mpaka magoti yakachoka. Huyo alikuwa na macho, na mikono isiyosubiri ruhusa. Hiyo mikono msiisahau.

Miaka mitatu walijifunza gofu, na watu wakawacheka. "Samaki mkunje angali mbichi," walisema. Nami nikawajibu kwamba ng'ombe hazeeki maini, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi.

Edina aliniambia siku moja, "Dada Onolina, tangu niache mkuki, kila anayenitambulisha anasema 'aliyekuwa'. Nimechoka kuwa aliyekuwa." Neno hilo lilikuwa linawauma wenzake vilevile.

Basi klabu ikatangaza shindano. Timu za watu watatu, mpira mmoja, mnapiga kwa zamu, na wenye mikwaju michache ndio washindi. Tuzo ni nafasi ya kufunzwa mwaka mzima na kushindana kama mchezaji wa kulipwa. Wao walisikia "timu", wakajiandikisha mbio mbio. Hakuna aliyeuliza ni nafasi ngapi.

Walifika shimo la nane wakiongoza kwa mkwaju mmoja. Bosko akapiga, mpira ukazidi nguvu, ukateremka kuelekea bwawani. Zabroni alikuwa amesimama kandokando. Mnadhani alifanya nini? Akaruka, akaudaka. Akalala nao kifuani kama yuko golini, kisha akanitazama kwa aibu.

Wapinzani walikuwa nyuma ya mikaratusi, hawakuona kitu.

"Inuka, uweke chini tuendelee," Bosko akasema. "Nani ameona?"

"Mimi nimeona," Zabroni akajibu.

"Kaka, utatumaliza."

"Huku hakuna refa, Bosko. Refa ni mimi."

Kwenye gofu, ndugu zangu, kuudaka mpira unaokwenda ni kosa, na mtu hujishtaki mwenyewe. Akajishtaki, wakaongezewa mikwaju miwili. Waliokuwa mbele kwa mmoja wakawa nyuma kwa mmoja, na limebaki shimo la mwisho.

Shimo la tisa lina bonde la chai katikati. Watu hulizunguka. Wapinzani walilizunguka, wakamaliza kwa mikwaju mitano. Edina akalitazama bonde, akalishika bega lake bovu, akasema, "Leo na likatike." Akapiga. Mpira ukavuka chai yote, ukatua ng'ambo. Alikaa chini palepale akilia kwa maumivu, nikamfunga khanga yangu begani.

Zabroni akaupiga hadi kwenye majani mafupi, hatua kumi kutoka shimoni. Ikabaki zamu ya Bosko. Akikosa, wameshindwa au wametoka sare. Wapinzani wakaanza kukohoa, mnajua kile kikohozi kisicho na mafua. Bosko akapumua mara moja, akapiga taratibu. Mpira ukaingia. Mikwaju mitatu, wakashinda kwa mmoja.

Tunashangilia, akaja mama mmoja mchuma chai kwa katibu wa klabu. "Yule mrefu aliudaka mpira, nimemwona kwa macho yangu." Katibu akafungua karatasi ya matokeo, akakuta kosa limeandikwa, kwa mkono wa Zabroni mwenyewe. Wangeficha, wangefutwa siku ileile.

Ndipo katibu akatoa fomu. Nafasi ni moja.

"Bila bega langu tusingevuka bonde," Edina akasema.

"Bila mimi mngevuka bure," Bosko akasema.

"Bila mimi msingekuwa na ushindi," Zabroni akasema, kisha akainama. "Ingawa bila mimi msingekuwa na shida pia."

Wakatazamana, watu wanaopendana, kila mmoja akiitaka nafasi ile kwa roho yake yote. Mwishowe wakanisukumia kalamu. "Wewe umetubebea fimbo. Andika unayeona."

Fomu ndiyo hii, ina mstari mmoja wa jina. Katibu anaitaka leo adhuhuri. Nikimwandika Edina, bega litastahimili mwaka? Nikimwandika Bosko, nimesahau alivyotaka tufiche? Nikimwandika Zabroni, nimempa tuzo aliyetuponza? Na yeyote nitakayemwandika, wawili watarudi nyumbani kuwa "aliyekuwa". Nawapenda wote, na mkono wangu umegoma.

Haya, wewe uliyetulia hapo, shika kalamu. Ungeandika jina la nani?