Pete Iliyovuliwa Kwanza

Juzi nilikuwa nadarsisha kuhusu kuizuia hasira, simu ikalia. Nikafoka: "Nani huyo asiyeiheshimu nyumba ya Mwenyezi Mungu?" Msikiti mzima ukautazama mfuko wa kanzu yangu. Nimetembea miji mingi. Sijapata kuutamani mlango kama siku ile.

Nikaona niwape kisa hiki, ambacho kinanichoma kila nikikisimulia.

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika Basra ya zamani alikuwepo mwanachuoni, Sheikh Wadhaha, Mola amrehemu, aliyeumalizia umri wake katika kuichunguza nafsi: kwa nini mwanadamu huinua mkono kumdhuru mwenziwe. Akaandika kitabu, na ndani yake akasema kwamba ghadhabu ikipanda akili huondoka, mtu akawa kama aliyelala.

Siku moja akaitwa kwa kadhi. Harithi, mwanafunzi wake kipenzi, alikuwa amemvunja mkono mkewe, Bi Lubana, na mke anaomba watenganishwe.

"Una hoja gani?" kadhi akamuuliza Harithi.

"Hoja yangu ni kitabu cha sheikh wangu. Nilighadhibika, akili ikaondoka. Na aliyelala haandikiwi dhambi."

Waliohudhuria wakatikisa vichwa: mashaallah, kijana kasoma! Kasoma! Mkono wa mtu umefungwa vitambaa, wao wanasifu usomi.

Sheikh akamgeukia mke. "Binti yangu, kabla ya kukupiga alifanya nini?"

"Alivua pete, sheikh. Huivua kila mara. Ina jina la Mwenyezi Mungu, hata chooni haingii nayo."

Sheikh akasimama. "Ewe Harithi! Aliyelala huvua pete? Umelistahi jina la Mola, ukamvunja mja wake? Akili ilikuwepo, tena imekaa kitako!" Akamwambia kadhi: "Nilichoandika nimekosea, na nitakifuta mbele ya watu. Ghadhabu haikumtawala huyu, aliituma, ikaenda. Ushahidi wangu uko upande wa mwanamke."

Ndugu zangu, wangapi tunafunga madirisha kwanza, kisha tunamsingizia shetani? Mbona mbele ya mkubwa wa kazini hasira hiyo hiyo inajua adabu?

Kadhi akazishika ndevu zake, akatafuta suluhu. "Binti yangu, Mwenyezi Mungu huwapenda wanaosamehe. Msamehe mumeo, mrudi nyumbani."

"Nimeshamsamehe," akasema Bi Lubana. "Kwake sirudi."