Mita Nne

Wahenga waliposema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, hawakuwa na maana ya homa na vidonda peke yake. Walikusudia kila kasoro ambayo mwenyewe anaijua, akaifunika kwa shuka safi, akaketi juu yake na kukaribisha wageni. Shuka haitibu. Siku ya kilio majirani huingia mpaka chumbani, na lililofichwa likaonekana na kila mtu.

Kulikuwa na chuo kikuu kilichobanwa katikati ya jiji, baina ya barabara mbili kuu na safu ya maduka ya vipuri. Wanariadha wake walizoea kukimbia kando ya barabara wakimeza moshi wa malori. Kisha akaja Mkuu wa Chuo mpya, na haki yake apewe: alikarabati mabweni, akajaza vitabu maktabani, akaapa kwamba wanafunzi wake watakimbia kwenye uwanja wao wenyewe. Ndani ya mwaka mmoja uwanja ukawa tayari, mwekundu, wenye njia nane. Upande wa barabara ukasimamishwa ukuta mrefu ulioandikwa jina la chuo kwa herufi zilizosomeka hata na abiria wa basi. Mkuu akicheka, baraza zima lilicheka. Akikunja uso, hata feni zilisita kuzunguka.

Mtu wa kwanza kuujua ugonjwa alikuwa mtunza uwanja, mtu mzima mkimya ambaye wanafunzi walimwita Mzee Chaki kwa ajili ya chokaa isiyobanduka viatuni mwake. Wiki moja kabla ya uzinduzi alikuwa akipima njia ya ndani ili achore mistari. Alipima mara ya kwanza, akapima mara ya pili, kisha akamwita fundi amshikie utepe. Mzunguko uliotakiwa kuwa na mita mia nne ulikuwa na mia tatu tisini na sita. Ule ukuta ulikuwa umeingia ndani na kuisukuma kona.

Akaenda ofisini, kofia mkononi.

"Mheshimiwa Mkuu, uwanja umepungua mita nne. Ile kona inabidi irudi nyuma, na ukuta uvunjwe."

Mkuu aliinua macho kutoka kwenye kadi za mwaliko. "Ukuta? Mzee wangu, wageni wanakuja Jumamosi. Hizo mita nne ni hatua ngapi? Tatu?"

"Ni mita nne kila mzunguko, Mheshimiwa."

"Basi tutarekebisha mwakani. Hili liishie humu humu. Au unataka jiji zima litucheke?"

Mzee Chaki alikuwa na binti mmoja tu, naye alisoma pale pale; alikuwa mwembamba hata wenzake wakamwita Kijiti. Mzee aliifikiria nafasi ya binti yake, akaifikiria kazi yake, akasema, "Sawa, Mheshimiwa." Hapo ndipo ninapomlaumu. Alirudi uwanjani akachora mistari myeupe, iliyonyooka vizuri, juu ya uongo.

Mwakani ikafika, ikapita. Rekodi za chuo zilivunjwa kila mashindano, na magazeti yakamwimbia Mkuu sifa. Ajabu ni kwamba wakimbiaji hao hao walipokwenda ugenini walichelewa sekunde moja, mara nyingine mbili. Wakasingizia upepo, wakasingizia viatu, na mmoja akasingizia maharage. Mzee Chaki hakusingizia kitu. Aliinama akaendelea kupaka chokaa.

Mwaka wa tatu Kijiti akawa tegemeo la chuo katika mita mia nane, yaani mizunguko miwili. Timu ya taifa ilikuwa inachagua wakimbiaji, na mwisho wa kufikia muda wa kufuzu ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri. Wiki iliyotangulia kulikuwa na mbio katika mji wa jirani, na Kijiti alitaka kwenda. Mkuu akakataa mbele ya wanafunzi wote. "Kwetu kupo, tukahangaike kwa watu?" Wakamshangilia.

Jioni hiyo binti alimkuta babake akikunja utepe wa kupimia. "Baba, ungekuwa wewe, ungekimbilia wapi?"

Mzee aliutia utepe mfukoni. "Msikilize Mkuu, mwanangu. Yeye anajua."

Ijumaa saa sita mchana Kijiti alikimbia kama aliyetumwa na moyo wake mwenyewe. Alikata utepe nusu sekunde ndani ya muda uliotakiwa. Watu wakaruka, Mkuu akamkumbatia. Ndipo mama mmoja wa chama cha riadha, aliyetumwa kuandika muda wake, akashuka jukwaani, mkoba begani.

"Hongera. Sasa tupime uwanja. Bila cheti cha vipimo siandiki."

"Cheti kiko njiani," alisema Mkuu.

"Basi nami nitapima kikiwa njiani."

Alipima taratibu, na kelele zikapungua kadiri alivyoikaribia ile kona. Ilipotimia saa nane akafunga daftari lake. "Huyu binti amekimbia mita mia saba tisini na mbili. Siwezi kuliandika jina lake." Halafu akatazama mistari. "Nani huchora hapa? Mchoraji lazima alijua."

Macho yote yakamgeukia Mzee Chaki.

"Baba, ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza, mwanangu."

Kijiti akalia. Alilia hadi wapita njia wakasimama nje ya ukuta, chini ya zile herufi kubwa, wakiulizana nani amefiwa. Saa kumi ilikuwa inakaribia, uwanja mwingine ulikuwa mbali, na miguu yake ilikuwa imekwisha. Mkuu akamsogelea, uso umemshuka. "Binti, kosa ni langu. Babako nilimnyamazisha mimi."

"Ulimnyamazisha, Mheshimiwa," alijibu kati ya kwikwi. "Lakini mimi nilimuuliza."

Rekodi zote za miaka mitatu zilifutwa. Jumatatu ukuta ukavunjwa, na Mkuu akasimama pembeni, safari hii bila mpiga picha. Kona ilijengwa upya. Mzee Chaki aliipima mara tano akapata mita mia nne kamili, akachora mistari, akaketi akimsubiri binti yake aje kuikanyaga. Kijiti alipita na vitabu vyake bila kugeuza shingo.

Na kwa kuwa ukuta haukuwepo tena, hata abiria wa basi walimwona mzee yule ameketi peke yake. Ama kweli, mficha maradhi kilio humfichua.