Sahani Isiyorudi

Nipeni masikio yenu, nami nitawapa mzigo nilioubeba miaka mingi nisipate pa kuutua.

Katika mtaa wa Mkunguni waliishi majirani watatu, na kila mmoja Mola alimjaalia jambo. Bi Kibibi, mjane aliyeishi peke yake, alijaaliwa kumbukumbu: hakusahau uso wala chombo. Fundi Mbwana, seremala asiye na mtoto, alijaaliwa mikono mipole. Saumu, mama wa watano, alijaaliwa maziwa. Kitindamimba wake alishiba na yakabaki.

Akahamia hapo Mwanaidi, aliyefiwa na mume, pamoja na wanawe, Zuhura wa miaka minne na Subira wa miezi mitano. Jamaa hakuwa nao. Siku ya kwanza Bi Kibibi alimpelekea sahani ya wali kwa mchuzi wa papa, akamwambia mtaa huu ni wake. Nanyi mwaijua ada yetu: sahani ya jirani hairudi tupu. Mwanaidi hakuwa na cha kutia. Aliona haya kuirudisha kavu, na kila kukicha haya ikazidi, hata akawa akiwafungia watoto ndani na kupita uchochoroni ameinamisha kichwa. Watu wakasema mgeni ana maringo.

Kisha homa ikaingia nyumba ile. Mlango ukabaki umekomewa, na hapana aliyebisha.

Siku ya nne Bi Kibibi alikwenda kuidai sahani yake. Alibisha, akaita, akasikia kwa ndani sauti nyembamba kama ya paka. Akapiga ukelele. Lau si yeye, nani angalijua kwamba mle mna uhai?

Fundi Mbwana alikuja na patasi. Vijana walitaka kuuvunja mlango kwa mtaimbo, akawazuia, kwani alichungulia penye ufa akamwona Mwanaidi ameanguka nyuma ya mlango, Subira kifuani. Akazing'oa mbao moja moja, akampokea mtoto tunduni. Lau si yeye, mtoto angalipondwa.

Zuhura alikuwa amekwisha kufa, amepoa mkekani. Subira hakuweza tena hata kunyonya. Saumu akamweka chini mwanawe, akamdondoshea huyu maziwa kwa ncha ya kidole, tone kwa tone, tangu adhuhuri hata alasiri, mpaka akameza.

Mwanaidi alifumbua macho, akanyoosha mkono kuelekea rafu. Sahani ilikuwa pale, imeoshwa ikang'aa.

"Niwie radhi, Bi Kibibi," alisema. "Sikuwa na cha kutia." Akapumua. "Mwanangu alelewe na aliyemwokoa."

Akatamka shahada, akafariki.

Baada ya hitima watatu wale walisimama mbele ya kadhi, kila mmoja akimtaka mtoto.

"Ningalinyamaza," alisema Bi Kibibi, "mngalikwenda pale kuchukua maiti watatu."

"Na ukelele wako, bibi, ungalitoboa mbao?" aliuliza Mbwana.

Saumu akasema, "Amekunywa ziwa langu. Kwa sheria ni ndugu wa wanangu. Ninyi mlitoa mzoga, mimi nikarudisha mtoto."

Kadhi akamwuliza kila mmoja kama hakujua kabla ya siku ile kwamba mle mna shida.

Bi Kibibi alikiri kwamba sahani aliikumbuka tangu siku ya pili ya mlango kukomewa, ila kiburi kilimwambia angoje iletwe. Mbwana alikiri kwamba karakana yake na nyumba ile zilikuwa na ukuta mmoja. Alisikia vilio viwili, kisha kimoja, akashukuru kupata utulivu wa kazi. Wa mwisho alikuwa Saumu.

"Zuhura aliniita dirishani," alisema. "Aliomba maji. Nilimwambia, mwambie mamako."

Kadhi akafunika kitabu chake, asitoe hukumu. Hata leo, kwangu mimi, hajakifunua.

Aliyemwokoa ni nani, na aliyechelewa ni nani? Wasia wa maiti ni deni, na mtoto analia katikati ya baraza, hana wa kumpokea ila hawa watatu. Enyi mnaonisikiliza, kaeni mahali pa kadhi: mtamweka mapajani mwa nani?