Mbwa Akimng'akia Mwanawe

Mbwa akimng'akia mwanawe, usimfunge mdomo. Leo asubuhi mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo baba yenu, alipotaka kumtetea dada yenu Sechelela asitwange, na sasa mnauliza ni mbwa gani huyo. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Masima alilima uwele huko Ugogo. Mwaka mmoja maradhi yaliwamaliza mbwa wake wa kufukuza nyani, akabaki jike mmoja aitwaye Tutaonana, naye akazaa watoto watano. Bila mbwa, nyani wangelila shamba lote, na nyumba ingelala njaa. Tumaini lao lilikuwa wale watoto watano.

Wiki ya tano, Tutaonana akaanza kuwang'akia wanawe kila walipokimbilia maziwa. Pengine alirudi ameshiba, akatapika mbele yao, nao wakalamba. Masima hakuweza kuvumilia. Yeye alifiwa na mama angali ananyonya, na moyo wake ulikuwa na kidonda hapo. Akayafagia matapishi, akamfunga mbwa mdomo kwa kamba, akamlaza ubavu ili watoto wanyonye.

"Baba Nyemo," mkewe Mbeleje akamwambia, "huyo anawaachisha ziwa. Wameota meno, wanamuumiza. Na hayo unayofagia ndiyo chakula chao cha kwanza."

"Mama gani anafukuza wanawe?" Masima akang'aka. "Mimi najua kukosa mama ni nini. Wewe hujui."

Hilo lilikuwa kweli, naye Mbeleje akarudi kwenye kazi zake.

Basi ikawa kamba kila siku. Siku ya kumi chuchu zilikuwa vidonda vitupu, na homa ikampanda mbwa. Siku ya kumi na mbili akafa. Masima akawawekea watoto uji, wakaukanyaga, wakarudi kunyonya maiti ya mama yao. Hawakujua chakula kingine. Wakafa mmoja baada ya mwingine, akabaki mmoja tu.

Masima akapiga magoti. Akatafuna ugali na kipande cha nyama, akavitema chini mbele ya kile kitoto. Kikanusa, kikageuka, kikanusa tena, kikalamba.

"Mama Nyemo," akasema huku akilia waziwazi, "nimemuua kwa huruma yangu."

"Endelea kutafuna," Mbeleje akajibu. "Huyo bado ana njaa."

Mtoto yule alipona, lakini mbwa mmoja mchanga hawezi shamba zima. Nyani walikula zaidi ya nusu ya uwele, na mwaka ule ulikuwa mgumu kwa nyumba ya Masima.

Siku moja ya mwaka ule Mbeleje alimkaripia binti yao, Nyemo, kwa kuacha kusaga katikati. Mtoto akamkimbilia baba yake, machozi yanamtiririka. Masima alitamani sana kumbeba. Akamfuta machozi, akamshika mkono, akamrudisha mwenyewe hadi kwenye jiwe la kusagia.

"Baba, hunitetei?" Nyemo akauliza.

"Mwanangu," akasema, "mbwa akimng'akia mwanawe, usimfunge mdomo."